Rudio la Sehemu: Historia ya Dhana Moja ya Mazoezi na Tatizo la Kuipa Jina

Ipo fani ambayo istilahi zake zimeingia katika Kiswahili kwa mlango wa uani, bila ya kupokewa wala kuulizwa zitokako. Hiyo ni fani ya mazoezi ya kuongeza nguvu za misuli. Istilahi za sheria, za hesabu na za utawala zimepata kamati za kuzikalia na vitabu vya kuzihifadhi. Za vyuma hazikupata. Zimezaliwa katika ua wa nyumba, pale kijana alipojaza saruji katika makopo mawili ya rangi, akayaunganisha kwa bomba la chuma na kuanza kujihesabia. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumpa majina, alijipatia mwenyewe: seti, dambeli, pushapu na kadhalika. Majina hayo yamemfaa, wala hatuna haja ya kumnyang'anya.

Lakini fani hiyo imekwisha kutoka uani. Leo mwalimu wa michezo huifundisha darasani, mtaalamu wa tiba ya viungo huandika maagizo yake kwa mgonjwa, na mfasiri hukabidhiwa vijitabu ambavyo kila ukurasa umejaa maneno yake. Hapo ndipo upungufu unapoonekana. Katika makala haya tunakusudia kuitazama dhana moja tu, ambayo tutaiita *rudio la sehemu*, yaani tendo la kuinua uzito ambalo halipiti masafa yote ambayo kiungo kinaweza kuyapita, bali hupita kipande chake tu na kurejea. Tumeichagua kwa sababu historia yake inaonyesha waziwazi jinsi jina lisilotaja lile linalopasa kutajwa linavyoweza kuwapoteza watu wenye elimu kwa miaka mingi. Mfasiri wetu akilichukua jina hilo kama lilivyo, ataichukua na hasara yake.

Tuanze na rudio lenyewe, maana hapa Kiswahili kina bahati. Neno hili latokana na kitenzi *rudia*, nacho chatokana na *rudi*. Katika Kiingereza neno litumikalo kwa dhana hii lina maana ya kutenda tena, basi. Mzizi wetu hubeba mambo mawili kwa pamoja, yaani kutenda tena na kurejea ulikotoka. Ndivyo zoezi lilivyo hasa: chuma huenda, kisha hurudi. Kwa hiyo rudio moja ni safari, na swali lote la historia hii ni kama safari huhesabiwa hata msafiri asipofika mwisho wa njia.

Hesabu ya marudio kama tunavyoijua leo ilipata nguvu hospitalini. Mwaka 1945 daktari kijana wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya kijeshi ya Gardiner mjini Chicago, alichapisha makala juu ya kurejesha nguvu za misuli ya askari walioumia magoti. Desturi ya wakati huo ilikuwa kumpa mgonjwa kazi nyepesi na kumtaka airudie mara nyingi mno. DeLorme, ambaye mwenyewe alikuwa amejijenga kwa vyuma ujanani baada ya maradhi, alifuata njia nyingine. Alimvisha askari kiatu cha chuma, akamkalisha ukingoni mwa meza, akamwagiza alinyooshe goti kwa uzito ambao angeweza kuuinua mara 10 bila ya kufikia mara ya 11. Uzito huo, unaopimwa kwa idadi ya marudio na si kwa kilo peke yake, umekuwa kipimo cha fani hii hadi leo.

Makala ya mwaka 1945 iliyaita mazoezi hayo kwa jina lenye maana ya ukinzani mzito. Mwaka 1948 DeLorme alipoandika pamoja na mwenziwe Arthur Watkins, na tena katika kitabu chao cha mwaka 1951, neno lenye maana ya uzito limeondoka na mahali pake pameketi neno lenye maana ya kuongezeka hatua kwa hatua. Idadi ya marudio ilikuwa imepunguzwa, kutoka 70 hadi 100 kwa siku mpaka 20 au 30, lakini kanuni ilikuwa ileile. Badiliko la jina halikuwa pambo. Jina la kwanza lilitaja kiasi, na kiasi huwatisha wagonjwa na madaktari pia. Jina la pili lilitaja kanuni, yaani sababu ya zoezi kufanya kazi. Mtunzi wa istilahi anayetaka mfano wa jina lililorekebishwa vema na mwenye fani mwenyewe hana haja ya kwenda mbali zaidi ya hapa.

Jambo moja, hata hivyo, DeLorme hakulitaja kwa jina kwa sababu hakuona haja. Askari wake walinyoosha goti mpaka likanyooka. Kwa hiyo neno rudio likapokewa na waliomfuata kwa maana ya safari nzima bila ya mtu kusema hivyo. Na kila kisichosemwa katika fasili hungoja siku ya kuzua matata.

Waliolizua hawakuwa madaktari, bali wakulima na wanyanyuaji wa majimbo ya kusini ya Marekani. Bob Peoples, mkulima wa Tennessee, aliinua kutoka ardhini chuma cha pauni 725 na robo tatu mwaka 1949, yaani karibu kilo 329, ilhali mwenyewe hakuwa mtu wa mwili mkubwa. Alijitengenezea vyombo vyake, kimojawapo kikiwa ni chanja ya mbao yenye nguzo na vishikizo, ambayo ilimwezesha kukiweka chuma juu, kwenye kimo alichokitaka, na kukiinua kutoka hapo badala ya kukianza chini kila mara. Kwa njia hiyo alifanyia kazi kipande kimoja cha safari kwa uzito ambao safari nzima isingeuruhusu.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda Tennessee ili kuielewa hoja hii. Mtazame hamali wa sokoni Kariakoo (soko ambalo jina lake lenyewe ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza). Gunia la kilo 100 haliinui peke yake kutoka chini. Wenziwe wawili humtwika, naye hulipokea begani magoti yakiwa yamekunjwa kidogo tu, kisha hunyooka na kwenda. Akifika hulitua, au hutuliwa. Lugha yetu imetenga zamani *kuinua*, *kutwikwa*, *kuchukua* na *kutua* kuwa matendo mbalimbali, kwa sababu wenye lugha walijua kwamba mtu anaweza kuwa hodari wa moja na dhaifu wa jingine. Chanja ya Peoples ilikuwa mtwikaji asiyechoka.

Baada yake akaja Paul Anderson wa mji mdogo wa Toccoa, Georgia, aliyezaliwa mwaka 1932. Mwaka 1955 alikwenda Moscow pamoja na timu ya Marekani na kuinua juu ya kichwa pauni 402 na nusu, akawastaajabisha watazamaji wa Kisovieti. Mwaka uliofuata alipata medali ya dhahabu katika michezo ya Olimpiki ya Melbourne, baada ya yeye na Humberto Selvetti wa Ajentina kulingana kwa jumla ya kilo 500 na ushindi kupewa aliyekuwa mwepesi kwa mwili. Inasimuliwa kwamba Anderson alichimba shimo, akasimama ndani yake, na mizigo mizito ikawa imelala kwenye kingo za shimo kwa kimo cha mabega yake. Aliinua kwa kuchuchumaa kidogo tu. Kisha kila baada ya siku kadhaa alitia udongo shimoni. Nyayo zake zikapanda, chuma kikabaki palepale, na safari ikarefuka kwa kiasi cha udongo aliotia, hata mwisho akauchuchumalia uzito uleule kikamilifu. Hatujui mfano mwingine wa kufundisha kanuni ya DeLorme ulio mzuri kuliko huu. Kinachoongezeka hatua kwa hatua hapa si uzito, bali masafa.

Ni Anderson huyohuyo aliyetuachia mgogoro wa istilahi. Mwaka 1957, huko Toccoa, alijiinamisha chini ya meza yenye mizigo ya pauni 6,270, karibu kilo 2,844, akaisukuma kwa mgongo ikatoka mahali pake kwa kiasi kidogo mno. Kwa miaka mingi tendo hilo lilichapishwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa uzito mkubwa kuliko wote uliopata kuinuliwa na binadamu. Baadaye mashaka yakazidi na likaondolewa. Watu walibishana juu ya mizani na mashahidi. Ubishi wa maana zaidi ungekuwa juu ya kitenzi. Je, mzigo uliopanda kwa upana wa vidole umeinuliwa, au umetikiswa? Mzani ulitajwa kwa pauni hadi tarakimu ya mwisho, ilhali umbali haukutajwa, na bila ya umbali ile tarakimu haisemi kitu.

Tunafika sasa kwenye sura ya kusikitisha kidogo. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Dortmund, Ujerumani, Theodor Hettinger na Erich Müller, walitangaza kwamba msuli unaokazwa bila ya kiungo kusogea, kwa sekunde 6 tu kwa siku na kwa theluthi mbili za nguvu zake, huongeza nguvu kwa asilimia 5 kila juma. Kwa Kiswahili tunaweza kuuita *mkazo tuli*, kwa mfano wa umeme tuli ambao walimu wa fizikia wameuzoea. Habari hiyo ilivuka bahari. Katika mji wa York, Pennsylvania, Bob Hoffman, mwenye kiwanda cha vyuma na jarida la mazoezi, aliipokea kupitia daktari mmoja, John Ziegler. Mapema katika miaka ya 1960 wanyanyuaji wawili, Bill March na Louis Riecke, walifundishwa kwa njia hiyo na kupanda ngazi kwa kasi iliyowashangaza wote. Hoffman akauza vitabu na chanja za chuma kwa wingi.

Sasa tuitazame njia yenyewe. Mnyanyuaji aliinua chuma kwa inchi chache kutoka vishikizo vya chini, akakigandamiza kwenye vishikizo vya juu na kukishikilia hapo kwa sekunde kadhaa. Hilo ni rudio la sehemu linaloishia na mkazo tuli. Lakini jina lililouzwa lilitaja mkazo peke yake. Safari ile fupi ikatoweka ndani ya jina. Na jambo lingine lilitoweka kabisa, nalo ni kwamba Ziegler alikuwa akiwapa wanyanyuaji hao vidonge vya homoni vilivyokuwa vimeingia madukani miaka michache tu nyuma. Siri ilipofichuka, umma uliona umedanganywa, ukaitupa njia nzima pamoja na dawa. Rudio la sehemu likapata sifa mbaya kwa kosa lisilokuwa lake.

Pigo la pili lilitoka kwa mtu aliyekuwa na jina zuri mno. Mwaka 1970 Arthur Jones wa Florida alianza kuuza mashine zilizokuwa na gurudumu lisilo duara, lililofanana na gamba la konokono wa baharini, ambalo lilibadilisha uzito kadiri kiungo kilivyosogea. Fahari ya mashine hizo ilikuwa kwamba msuli ungefanyishwa kazi tangu mwanzo wa masafa hadi mwisho wake. Jones aliyaita mazoezi hayo kwa neno lenye maana ya ukamilifu, na tangu hapo, katika vyumba vya mazoezi vya nchi za Magharibi, rudio lisilokamilika likahesabiwa kuwa ni udanganyifu wa mvivu. Hatuna ugomvi na mashine zake. Tunasema tu kwamba *kamili* ni neno la kupima na wakati huohuo ni neno la kusifu, na mtu akilitumia kwa maana ya kwanza, msikilizaji huisikia na ya pili. Katika Kiswahili ni vivyo hivyo: hesabu kamili, mtu kamili, ukamilifu. Anayeitwa asiyekamilika amekwisha kuhukumiwa.

Walioifungua kesi hii upya walikuwa wanafiziolojia. Msingi ulikwisha kuwekwa mwaka 1966, A. M. Gordon, A. F. Huxley na F. J. Julian walipopima uzi mmoja mmoja wa msuli wa chura na kuonyesha kwamba nguvu za uzi hutegemea urefu ulio nao wakati wa kukazwa: kuna urefu wa wastani ambapo nguvu hufikia kilele, na ukiufupisha au ukiurefusha kupita hapo, nguvu hupungua. Kwa maneno mengine, msuli mmoja si kitu kimoja katika safari yote. Mwanzoni mwa njia ni mwingine na mwishoni ni mwingine. Hivyo hata yule anayefanya rudio zima huwa hafanyi kazi moja iliyo sawa, bali mfululizo wa kazi mbalimbali, na kila moja hujifundishia mahali pake.

Majaribio ya miaka ya karibuni yamelithibitisha hilo kwa njia mbili ambazo mfasiri hana budi kuzitenga. Njia ya kwanza yahusu nguvu. Mwaka 2013 watafiti wa nchi za Skandinavia waliwafundisha wanafunzi wa kiume kuchuchumaa na uzito kwa majuma 12, kundi moja kwa kina na jingine kwa juujuu. Waliochuchumaa juujuu walipata nguvu nyingi katika kuchuchumaa juujuu, na kidogo tu katika kuchuchumaa kwa kina. Wale wa kina walinufaika pande zote mbili na misuli yao ya paja iliongezeka zaidi. Lakini mwaka 2016 utafiti wa Marekani uliofanywa kwa wanariadha wa vyuo waliokwisha kuwa na mazoezi mengi ulionyesha kwamba waliochuchumaa kwa robo tu ya kina walizidi wenzao katika kuruka juu na katika mbio fupi. Hapana mgongano. Mtu anayeruka au kukimbia hakunji goti sana. Amejifunza nguvu pale atakapozitumia. Hiyo ni faida ya kweli ya rudio fupi, na ndiyo faida ya hamali wetu.

Njia ya pili yahusu unene wa msuli, na hapa ndipo mshangao ulipotokea. Mwaka 2022 watafiti wa Brazili walichapisha jaribio la majuma 12 kwa wanawake wasiokuwa na mazoea ya vyuma, ambao walinyoosha goti kwenye mashine. Kundi moja lilifanya kipande cha kwanza cha safari, goti likitoka digrii 100 za mkunjo hadi 65. Jingine kipande cha mwisho, kutoka 65 hadi 30. Jingine safari yote. Vipande viwili vile ni sawasawa kwa urefu, digrii 35 kila kimoja. Matokeo hayakuwa sawasawa hata kidogo. Waliofanya kazi goti likiwa limekunjwa, ambapo msuli wa mbele ya paja umevutika na kuwa mrefu, waliongeza misuli kuliko waliofanya kipande cha mwisho, na katika baadhi ya sehemu za paja waliwapita hata wale wa safari yote. Mwaka 2023 jaribio jingine la Brazili, juu ya msuli wa shavu la mguu, lilitoa picha hiyohiyo. Katika majuma 8 upande wa ndani wa shavu uliongezeka kwa asilimia 15 hivi kwa waliofanya kipande chenye msuli mrefu, asilimia 7 hivi kwa waliofanya safari nzima, na asilimia 3 hivi kwa waliofanya kipande chenye msuli mfupi.

Tusikimbilie kushangilia. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti juu ya watu waliokwisha kuzoea vyuma, ambao kwa majuma 8 walifundisha mkono mmoja kwa safari nzima na mwingine kwa kipande chenye msuli mrefu. Mikono hiyo miwili haikutofautiana kwa kiasi cha kutajika. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kipande kinashinda safari nzima kila mahali. Linaloweza kusemwa ni kwamba vipande viwili vya safari moja si ndugu mapacha. Mtu asemaye "rudio la sehemu hunufaisha" au "rudio la sehemu halinufaishi" hajasema lolote mpaka aseme ni sehemu ipi.

Turudi basi katika kazi yetu. Istilahi ya Kiingereza, kwa muda mrefu wa historia hii, ilitaja kwamba ni sehemu bila ya kutaja ni ipi. Ndiyo maana hoja za miaka ya 1960 na 1970 zilipishana kama majahazi usiku. Siku za karibuni wenyewe wameanza kuongeza neno la kutambulisha. Sisi tunaoanza sasa hatuna sababu ya kupita njia hiyo ndefu.

Kisawe kinachomjia mfasiri kwanza ni *nusu*: nusu rudio, au marudio ya nusu. Tunashauri kiachwe, kwa sababu mbili. Kwanza, si kweli; kipande kinaweza kuwa robo, au inchi mbili tu kama katika chanja ya York. Pili, kazi ya *nusunusu* katika Kiswahili ni kazi ya mtu asiyejali, na mgonjwa aliyeagizwa nusu na daktari wake atajiona ameonewa huruma, au ataona fahari kuimaliza. Imewahi kupendekezwa *kipande*. Neno hilo ni zuri kwa maana, na sisi wenyewe tumelitumia hapa kama neno la kawaida, lakini wazee waliokatiwa vipande katika mashamba ya mkonge, au wa Kenya waliovishwa shingoni, wana kumbukumbu nyingine nalo. *Sehemu* haina deni na mtu. Kwa upande wa pili, badala ya rudio kamili tunapendelea *rudio zima*, marudio mazima, ambalo hutaja kiasi bila ya kutoa sifa.

Ugumu uko katika kutaja ni sehemu ipi. Wengi wataona *ya juu* na *ya chini* yanatosha. Hayatoshi. Achuchumaaye, msuli wa paja huwa mrefu mwili ukiwa chini. Lakini avutaye kamba kutoka juu kuja kifuani, misuli ya mgongo huwa mirefu mikono ikiwa juu. Mwongozo mmoja unaosema "fanya sehemu ya chini" katika mazoezi yote mawili utamfanyisha msomaji mambo mawili yaliyo kinyume. *Ya mwanzo* na *ya mwisho* nayo yana dosari hiyohiyo, kwani anyooshaye goti kwenye mashine huanza na msuli mrefu, ilhali achuchumaaye huanza akiwa amesimama, yaani na msuli mfupi.

Mtego mkubwa kuliko yote ni *kunyoosha*. Mfasiri akisoma kwamba msuli umenyooshwa ataandika "sehemu ya mnyoosho", nalo ni neno linalovutia. Lakini katika Kiswahili cha kila siku kinachonyooshwa ni kiungo. Nyoosha mguu; nyoosha mkono. Na mguu ukinyooka, msuli wa mbele ya paja hufupika. Kwa hiyo mgonjwa wa goti aliyeandikiwa "fanya rudio la mnyoosho" atafanya digrii zile za mwisho kabisa, kinyume cha alichokusudia mwandishi. Hapa si suala la ufasaha tena. Mtaalamu wa tiba ya viungo hutumia marudio ya sehemu kwa sababu maalumu: kumruhusu mgonjwa afanye kazi katika kipande kisicho na maumivu, na kukwepa kile kinachoweza kuumiza mahali palipopasuliwa. Neno likigeuza kipande, linageuza tiba.

Ndiyo maana tunapendekeza majina yaseme hali ya msuli wenyewe, kwa maneno ambayo hayawezi kuchanganywa na kiungo: *rudio la urefuni*, lifanywalo msuli ukiwa katika urefu wake, na *rudio la ufupini*, lifanywalo msuli ukiwa umefupika. Kiambishi cha mahali, *-ni*, kinafanya hapa kazi ambayo Kiingereza huifanya kwa maneno mengi. Anayeona majina hayo yana ukavu na akumbuke *kuruka kichura*, adhabu ambayo kila aliyepita shule anaijua kwa magoti yake. Mwenye kuruka kichura habadilishi kimo sana. Hubaki amechuchumaa, na paja lake hufanya kazi likiwa limevutika tangu mwanzo hadi mwisho. Ni rudio la urefuni, na maumivu ya siku ya pili ni ushahidi wake. Mwalimu wa michezo anayetaka kuifafanua istilahi hii kwa wanafunzi wake ana mfano tayari, ingawa tungependa autumie kwa mdomo tu.

Katika maandishi ya tiba, jina peke yake lisiachwe lisimame. Mfasiri aongeze mipaka ya safari kwa digrii iwapo asili inazo, na kwa maneno ya kawaida iwapo hazipo: "kuanzia goti lililokunjwa kama la mtu aliyeketi kitini, hadi nusu ya njia ya kulinyoosha". Sentensi hiyo ni ndefu kuliko istilahi, na afisa anayelipia uchapaji atalalamika. Na alalamike. Kwa kipande kilicho katikati ya safari, ambacho wanyanyuaji hukitumia wanapotaka kuimarisha mahali chuma kinapokwama, hatujaona haja ya kuunda jina la tatu. *Rudio la katikati* linaeleweka na kila mtu, na katikati hubaki katikati, uwe umesimama, umeketi au umelala chali.